Kutoka Otonglo hadi Minneapolis: Saa za Angani na Saa za Ardhini

Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Busia, unapita Bandani, unapita njia ya kuingilia uwanja wa ndege upande wa kushoto, na kabla hujafika njia panda ya Kisian unakutana na soko la Otonglo. Kaskazini kuna vilima vya Riat, kusini kuna Ziwa Victoria, na kati ya soko na ziwa imelazwa njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 3.3. Huku kwetu ndege si kitu cha kukimbilia nje kutazama. Mama anayekaanga mandazi karibu na stendi ya bodaboda hupunguza moto ndege ya asubuhi ya Nairobi ikishatua, kwa kuwa anajua wateja wa mapema wamekwisha kupita. Hata hivyo, wengi wanaousikia mngurumo huo kila siku hawajawahi kupanda ngazi za ndege, na karibu kila boma ninalolijua kuanzia Kogony hadi Korando lina mtu majuu ambaye husubiriwa kwa miaka.

Sisi tunamsubiri dada yangu mkubwa. Ni nesi Minnesota, na anaishi Brooklyn Park, mji ulio kaskazini magharibi mwa Minneapolis ambako Waafrika ni wengi, Wakenya wakiwemo. Mwaka mmoja aliamua kwamba badala ya yeye kuja, mimi niende. Akakata tiketi, akanitumia kwa simu. Ilikuwa na safu moja ya herufi: KIS, NBO, AMS, MSP. Kisumu, Nairobi, Amsterdam, Minneapolis. Chini yake saa za kuondoka na kufika, na katikati saa za kusubiri: zaidi ya saa tano Nairobi, zaidi ya saa tano Amsterdam. Nilijua ziko safari zinazounganishwa haraka kuliko hiyo. Sikumuuliza, kwa sababu tiketi ya zawadi haihojiwi.

Nilichofanya ni kukaa chini na kupima. Chukua tufe la dunia la darasani na uzi. Bana ncha moja ya uzi Kisumu, nyingine Minneapolis, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi hauendi magharibi moja kwa moja kama ramani ya ukutani inavyokudanganya. Unapanda kaskazini magharibi: unavuka kaskazini mwa Uganda, unapita Darfur, kusini mwa Libya, Algeria, unaigusa Hispania, unaingia Atlantiki, unatokea Newfoundland na kushuka kupitia Quebec. Urefu wake ni kama kilomita 12,900. Ndege kubwa hukata takriban kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo uzi huo, kama kungekuwa na ndege ya kuufuata, ni safari ya saa 14 na dakika 20 hivi.

Si kwamba ndege ya namna hiyo haijaundwa. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa ikiruka kutoka Nairobi hadi New York bila kutua, karibu kilomita 11,840, kwa ndege ya Boeing 787. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama saa 14. Tofauti inatokana na pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambazo humpinga anayekwenda Marekani na kumsukuma anayerudi. Kinachokosekana Kisumu ni abiria wa kutosha kujaza ndege kama hiyo. Hilo naliafiki. Nisichokiafiki ni kwamba mtu wa Otonglo anayekwenda magharibi lazima aanze kwa kwenda mashariki. Nairobi iko kilomita 280 hivi kusini mashariki mwa Kisumu, na ukipima tena uzi kutoka Nairobi hadi Minneapolis unapata kama kilomita 13,150. Yaani unapanda ndege, unaruka, unatua, na mwendo uliobaki umeongezeka kwa zaidi ya kilomita 250. Wakati huohuo Entebbe iko ng'ambo ya ziwa, umbali unaopungua kidogo wa Nairobi, upande uleule ninaoelekea, nako kunaruka ndege za kwenda Ulaya. Tiketi zote nilizoonyeshwa zilipita Nairobi.

Kuna safari nyingine ya kutoka huku ambayo ni ndefu kuliko yangu, na kila mtu wa Siaya na Kisumu anaijua. Mwaka 1959 Barack Obama mkubwa, kijana wa Kogelo, alikwenda kusoma Hawaii. Kutoka Kisumu hadi Honolulu ni kama kilomita 17,300, na ukikumbuka kwamba sehemu mbili za dunia haziwezi kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000 hivi, utaona kwamba alikuwa amekaribia upande wa pili kabisa wa tufe. Mwanawe alipotua Kisumu Julai 2018, akiwa tayari amemaliza urais wa Marekani, alikuwa safarini kwenda Kogelo, na barabara ya kwenda Kogelo inapita hapa sokoni.

Dani, yaani nyanya yangu, hakutaka kusikia kilomita. Alikuwa ameketi barazani akichambua omena za kubeba, akitupa vijiti na mawe madogo pembeni, na swali lake lilikuwa moja.

"Nyakwara, mjukuu wangu, utalala njiani mara ngapi?"

"Mara moja tu, Dani. Kesho yake usiku, ninyi mkiwa mnalala, mimi nitakuwa nimefika."

Alinyamaza akihesabu. Dani alisafiri kwa garimoshi kwenda Mombasa enzi babu alipokuwa mfanyakazi wa bandari ya Kilindini. Usiku wa kwanza ulikuwa wa Kisumu hadi Nairobi, mchana wa kusubiri na mtoto mgongoni, usiku wa pili wa Nairobi hadi Mombasa. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Kwa anga, Kisumu na Mombasa zinaachana kwa kilomita 700 tu. Kwa Dani, kilomita 700 ni kulala mara mbili. Sasa mjukuu wake anamwambia kilomita 12,900 ni kulala mara moja. Aliinua uso, akasema hilo si jambo la kufurahia upesi, kwa sababu mtu aliyelala mara mbili njiani anafika akijua ametoka mbali. Kisha akarudi kwenye omena zake.

Niliondoka Otonglo alasiri, kwa tuktuk, begi likiwa mapajani. Kutoka sokoni hadi uwanja wa ndege ni mwendo mfupi kiasi kwamba dereva hakubadilisha hata wimbo. Mzigo mkubwa, ambao tulikuwa tumeupima nyumbani kwa mizani ya Dani, ulipimwa tena, na mshale wa Dani ulikuwa umesema kweli: haukuzidi kilo 23. Binti wa kaunta akaufunga ukanda mweupe wa karatasi, na hapo ndipo nilipoiona safari yangu yote kwa jicho. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, MSP. Chini yake AMS. Chini zaidi NBO. "Mzigo wako utauona Minneapolis, kaka," aliniambia, "usiutafute Nairobi." Ukaondoka juu ya mkanda, omena za Dani ndani yake, ukiwa umeshapata ahadi ambayo mimi nilikuwa bado kuipata.

Saa kumi na mbili jioni tukaruka. Ndege ilipanda juu ya Ghuba ya Winam, jua likiwa chini upande wa magharibi, na gugumaji likaonekana kama zulia la kijani lililosukumwa na upepo mpaka ufuoni.

Maji hayo yamewahi kuwa uwanja wa ndege. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo chake. Safari ilikatwa vipande vipande: ndege ya magurudumu hapa, ndege ya majini pale, garimoshi kati ya Alexandria na Cairo, ndege nyingine hadi Khartoum. Kutoka Khartoum, ndege ya majini aina ya Short Calcutta ilifuata mkondo wa Mto Nile kuja kusini, ikishuka mtoni kujaza mafuta, mpaka ikafika Winam na kukwangua maji ya Kisumu kwa tumbo lake. London hadi Mwanza ilichukua takriban siku 10. Mwaka uliofuata huduma ikasogezwa hadi Cape Town, na ni hapa Kisumu ambapo wasafiri walihama kutoka ndege ya majini kwenda ndege ya magurudumu. Kisha mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za majini za Short Empire, kutoka Southampton hadi Durban, nazo pia zikatua ziwani kwetu kabla ya kuendelea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Wakati ule hakukuwa na njia ya lami ya kilomita 3.3, wala jengo la abiria lenye vioo, wala jina la kimataifa ambalo uwanja wetu ulilipata ulipopanuliwa. Kwa ndege zile za Short Empire kulikuwa na maji na boya la kufungia. Na bado mtu aliyesimama Kisumu mwaka 1937 alikuwa kwenye njia kuu ya anga ya Afrika, akiweza kupanda hapa na kushuka Ulaya bila kugusa Nairobi. Ndege za majini zilipoacha kuja, lami ikachukua nafasi ya maji kila mahali, na miji yenye lami ndefu zaidi ikawa ndiyo milango. Nairobi ina njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita nne. Naelewa sababu. Lakini miaka mingi imepita tangu yetu irefushwe, na ndege za abiria ninazoziona zikitumia lami hiyo ni za Nairobi na Mombasa. Hata ndege ndogo moja kwa siku, ya kuvuka ziwa tu hadi Entebbe, ingebadilisha hesabu ya familia nyingi upande huu wa nchi. Naomba wanaopanga safari hizo walifikirie.

Tulipita juu ya mashamba ya miwa ya Nyando, chai ya Kericho, msitu wa Mau, na Bonde la Ufa likafunguka mbele yetu. Dakika 40 hivi angani. Kwa gari ni kama kilomita 350 na karibu siku nzima ya kazi. Mtu aliyekaa kando yangu hakuwahi kumaliza juisi yake.

Nairobi ndipo saa za ardhini zilipoanza. Kutoka upande wa safari za ndani hadi upande wa kimataifa, kuvua mkanda, kuvaa mkanda, kuonyesha visa, kuonyesha visa tena. Visa yenyewe ni sehemu ya safari ambayo haimo katika kipimo chochote cha umbali wa anga: miezi ya kungoja tarehe ya mahojiano, kisha basi la usiku kutoka Kisumu hadi ubalozi ulioko Gigiri, foleni, maswali machache, na basi la kurudi. Ukijumlisha hayo, safari ya kwenda Minneapolis huanza kabla ya mvua za masika na kumalizika katikati ya mwaka.

Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi usiku wa manane, na watu wengi hudhani ni kwa ajili ya kumfanya abiria alale. Iko sababu ya kimaumbile pia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Bawa linapata kidogo cha kushikilia, na injini inapata kidogo cha kuvuta. Ndege iliyojaa abiria, mizigo na mafuta ya saa nyingi inataka hewa baridi ili inyanyuke bila kupunguziwa uzito. Usiku wa Nairobi ni wa baridi. Ndiyo maana karibu saa sita usiku tulikuwa bado tumeketi langoni, wanafunzi wenye jaketi mpya, kina mama wanaokwenda kulea wajukuu, na wafanyabiashara wa maua wanaokwenda Uholanzi kama mimi ninavyokwenda Kondele, pale pale Kisumu.

Nairobi hadi Amsterdam, kwa uzi uliokazwa, ni kama kilomita 6,680. Uzi huo unapita karibu na Lodwar, unaingia Sudan Kusini na kuipasua Sudan kutoka kusini hadi kaskazini. Lakini vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kawaida za abiria, na zilizokuwa zikipita humo zikalazimika kuzunguka. Kwenye skrini ya kiti changu niliona alama ya ndege ikielekea Ethiopia, ikaikuta Bahari ya Shamu, ikapanda nayo mpaka Misri. Nilikaa macho nikiitazama nafasi ile kubwa iliyoachwa upande wa kushoto. Miaka tisini na kitu iliyopita ndege ya Kisumu ililala Khartoum kabla ya kuendelea. Usiku ule ndege yetu haikuthubutu kupita juu yake, na watu wa huko walikuwa wakikimbia kwa miguu kuelekea Chad na Misri. Saa za safari yangu ziliongezwa na vita hivyo kwa kiasi kidogo sana, na kiasi hicho ndicho kilichonifanya nisilale. Ukikokotoa umbali wa viwanja viwili unapata namba isiyojua chochote kuhusu walio chini yake.

Tulitua Amsterdam saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko. Kuna jambo kuhusu uwanja wa Schiphol ambalo mtu wa ziwa hawezi kulipuuza: ulijengwa juu ya sakafu ya ziwa. Hapo palikuwa na maji ya Haarlemmermeer mpaka Waholanzi walipoyakausha kwa pampu za mvuke, kazi iliyokamilika mwaka 1852. Njia za kurukia ziko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari. Nilitembea humo ndani kwa muda mrefu nikifikiria Winam, ambayo watu wanalalamika kwamba inajaa na kula mashamba yao, nikatazama mabonde yale makavu yaliyonyooka na mifereji yake, nikawaheshimu walioifanya kazi hiyo.

Halafu nikakokotoa tena, kwa kuwa muda ulikuwepo. Kutoka Amsterdam hadi Minneapolis ni kama kilomita 6,680. Nikadhani nimenakili namba ya kwanza. Nikarudia. Ni kweli: Nairobi hadi Amsterdam na Amsterdam hadi Minneapolis zinakaribia kulingana. Nilikuwa nimekaa katikati kabisa ya safari, juu ya sakafu ya ziwa lililokufa, nikinywa chai isiyo na tangawizi.

Saa saba mchana tukaondoka, na saa tisa alasiri tukatua. Ukisoma saa hizo kwenye tiketi unaweza kufikiri ni safari ya saa mbili. Ni safari ya saa tisa. Zile saba nyingine zimemezwa na tofauti ya saa kati ya Uholanzi na Minnesota wakati wa kiangazi. Ukielekea magharibi kwa mwendo huo unalifukuza jua, nalo karibu linasimama. Mchana ule haukuisha. Tulipita kusini mwa Iceland, tukaiona ncha ya Greenland, mawe meusi yaliyotoboka barafu, na mabinti wa ndege wakaomba tushushe pazia za madirisha ili watu walale. Mimi niliacha upenyo wa vidole viwili.

Kupitia upenyo huo, saa moja hivi kabla ya kutua, niliona maji. Mwanzoni nilidhani ni bahari, kwani upande wa pili haukuonekana. Skrini ikaandika Lake Superior. Shuleni tulifundishwa kwa wimbo wa kukariri kwamba ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani ni Superior, kilomita za mraba 82,000 na zaidi, na la pili ni letu, kilomita za mraba 68,800 hivi. Nimelala na kuamka kando ya la pili maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba ningefika kwa njia ya kulivuka la kwanza. Lilikuwa la buluu iliyokolea, bila gugumaji, bila tanga hata moja ambalo jicho langu lingeweza kulishika kutoka juu. Nilitamani Dani awe kiti cha dirishani.

Minneapolis, afisa wa forodha aliniuliza kama nimebeba chakula. Nikasema ndiyo, samaki wadogo waliokaushwa. Akafungua pakiti moja, akainama, akanusa, akaniuliza wanaliwa na nini. Nikamwambia ugali, na nyanya na kitunguu. Samaki mkavu wa matumizi ya nyumbani anaruhusiwa. Wanachokitafuta ni nyama, matunda na mbegu. Akafunga pakiti kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia.

Uwanja huo ulikuwa na jengo lililoitwa kwa jina la Charles Lindbergh, aliyekulia Little Falls, katika jimbo hilohilo, na ambaye Mei 1927 aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu. Miaka minne tu baadaye ndege ya London ilikuwa inatua Kisumu. Kutoka niliporuka kwetu mpaka magurudumu yalipogusa Minnesota zilikuwa zimepita saa 29. Takriban 18 hewani, 11 chini. Otonglo ilikuwa saa tano usiku. Dani alikuwa amelala.

Dada alikuwa amesimama nje ya mlango wa abiria na sare yake ya kazi, moja kwa moja kutoka zamu. Gari lake lina kibao cha namba kilichoandikwa maziwa 10,000, kama magari mengi ya jimbo hilo, na njiani alinionyesha mawili matatu kati ya hayo, madogo, ambayo kwetu tungeyaita mabwawa. Usiku, baada ya ugali, na baada ya yeye kula omena kimya kwa muda, nikamuuliza lile ambalo sikuuliza kwa simu: kwa nini kuningojesha Amsterdam saa zote zile wakati kuna ndege inayoondoka mapema?

Alinijibu bila kupandisha sauti. Baba alipofariki, alikata tiketi ya haraka kuliko zote zilizokuwepo. Nafasi ya kubadilisha ndege ilikuwa saa moja na dakika chache. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka; alipofika mji wa kubadilishia, mlango wa ndege ya pili ulikuwa umefungwa na watumishi wake wameshaondoka kaunta. Alilala kwenye viti vya chuma, akapewa nafasi katika ndege ya kesho yake. Sisi nyumbani tulisubiri mpaka saa nane Jumamosi, wazee wakasema mvua inakuja, tukazika. Mimi hayo nayajua, nilikuwepo. Nisichokuwa nakijua ni alichokiona yeye Jumapili: teksi ikikata kona Otonglo, na pikapu ikitoka kwenye njia ya kwetu ikiwa na mahema na viti vya plastiki vya kukodi, ikirudisha mali kwa mwenyewe. Alimwambia dereva asimame, akalia palepale kando ya barabara, mama wa mandazi akamletea maji.

"Tangu hapo," alisema, "mtu wangu yeyote akisafiri, simkatii chini ya saa tano. Kilomita hazijawahi kunichelewesha. Ni lile lango."

Ibada ya kumbukumbu ya Baba itakuwa Jumamosi moja ya Desemba. Alinionyesha tiketi yake kwenye simu: Amsterdam saa sita, Nairobi usiku kucha, Kisumu Alhamisi asubuhi. Kazini ameomba likizo ya wiki mbili, na siku nne kati ya hizo zinakwenda njiani. Akaniomba nimwandikie Dani, kwa Kijaluo, kwamba safari hii atalala njiani mara mbili.